Mnyama wa kale anapewaje jina? Mwongozo kamili, tukimfuata mamba mdogo wa Jurasiki

Kwetu Uchagani mtoto hurithi jina la babu yake, na hakuna anayeshangaa kukuta ukoo mmoja una watu wanne wa jina moja. Kwa wanyama mambo ni kinyume kabisa. Jina la jenasi, yaani lile la kwanza kati ya majina mawili ya kisayansi ya mnyama, likishachukuliwa na mnyama mmoja, hata awe mbawakawa mdogo kama punje ya harage, hakuna mnyama mwingine duniani, aliye hai au aliyegeuka jiwe, anayeweza kulitumia tena.

Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya swali la binti wa kidato cha pili katika klabu yetu ya sayansi hapa Moshi. Nilikuwa nimebandika ubaoni picha ya *Protosuchus*, jamaa wa mamba wa mwanzoni mwa kipindi cha Jurasiki, urefu wake mita moja hivi, miguu imesimama chini ya mwili kama ya mbwa. Wanafunzi wangu wanawajua mamba wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo yule wa pichani walimtazama kwa mashaka. Binti akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu alikufa kabla ya mtu yeyote kuwapo. Sasa jina alipewa na nani, na huyo mtu alipata wapi ruhusa?" Siku ile nilimjibu juujuu. Haya yanayofuata ndiyo jibu lenyewe, nimelipanga kama nilivyolifundisha baadaye, ili mwalimu, mwanafunzi au mwongoza watalii wa Arusha aweze kulitumia.

Kwanza, mnyama wetu wa mfano

Jurasiki ni kipindi kilichoanza takriban miaka milioni 201 iliyopita na kuisha takriban milioni 145 iliyopita. Sifa zote wamechukua dinosaria wakubwa, lakini chini ya miguu yao walikuwapo jamaa wadogo wa mamba, na hawa si wale wa kulala ukingoni wameachama. Wengi walikuwa wa nchi kavu, wembamba, wepesi wa kukimbia. *Hoplosuchus* aliyepatikana Utah, Marekani, na kupewa jina mwaka 1926, ana urefu wa sentimita 20 hivi: unaweza kumlaza juu ya daftari. *Fruitachampsa* wa Colorado hakufikia mita moja. *Burkesuchus* wa Chile, aliyetangazwa mwaka 2021, alikuwa na sentimita 70 hivi. Afrika nayo inao wake: *Sphenosuchus* wa Afrika Kusini, aliyepewa jina mwaka 1915, na *Orthosuchus* wa Lesotho, mwaka 1968.

Utaona majina mengi yanaishia na -suchus. Hilo ni neno la Kigiriki, Souchos, lakini Wagiriki walilichukua Misri: ndivyo walivyomwita Sobek, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mamba. Na champsa pia, Herodotus aliandika kwamba Wamisri ndivyo walivyowaita mamba. Kwa hiyo kila mtaalamu wa Marekani au China anayembandika mamba wake wa kale -suchus au -champsa anatumia neno lililotoka bara hili. Mimi huwaambia wanafunzi jambo hili mapema kabisa, kabla hawajaanza kudhani kwamba majina ya kisayansi ni mali ya watu wa mbali.

Hatua ya 1: Jua mwamba uliosimama juu yake

Jina huanzia kwenye mwamba. Ukitembea Moshi yote na kuzunguka Arusha mpaka Meru, unakanyaga kazi ya volkano. Kilimanjaro ulianza kujengeka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, na hapo wanyama wa Jurasiki walikuwa wameshapita zamani mno. Hata Oldupai, yenye sifa zote ilizonazo, matabaka yake ni ya miaka milioni 2 hivi kuja huku. Kwa hiyo mtu akikuletea mfupa kutoka shamba la kahawa Kibosho akasema ni dinosaria, unaweza kumjibu kwa upole bila hata kuutazama.

Mwamba wa Jurasiki ulio rahisi kuufikia kutoka Moshi uko Tanga. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya chokaa ya kipindi hicho. Panda basi asubuhi, jioni umeshaugusa. Ila mahali palipotoa mifupa mingi ya Jurasiki nchini ni Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 na kusafirisha zaidi ya tani 200 hadi Berlin.

Hatua ya 2: Ukiukuta mfupa, uache ulipo

Hapa ndipo wengi huharibu, tena kwa nia njema. Niliwahi kuletewa mfupa mezani, umefungwa vizuri kwenye gazeti, mzito, umegeuka jiwe kweli. Aliyeuleta alikuwa ameuokota safarini miezi mingi nyuma. Nikamuuliza korongo gani, tabaka lipi, ulikuwa umelala upande gani. Hakukumbuka hata wilaya. Tulikaa tunautazama, na kusema kweli tulikuwa tunatazama jiwe zuri tu. Mfupa usio na mahali hauna umri, na mfupa usio na umri hauwezi kubeba jina.

Fanya hivi. Piga picha kwanza, kabla ya kugusa chochote: moja ya karibu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 200 au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, nyingine ya hatua kumi nyuma, na ya tatu inayoonyesha mlima, mti au nyumba ya kukusaidia kurudi. Washa ramani ya simu, andika namba za mahali hapo kwenye karatasi, kwa sababu simu huibwa na huzimika. Andika tarehe. Kisha funika kwa udongo kidogo kama kuna mifugo inapita.

Baada ya hapo toa taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo. Kuchimba kunahitaji kibali, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Anza na ofisi ya serikali ya mtaa au afisa utamaduni wa wilaya, au nenda moja kwa moja Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la zamani Arusha, jengo lililosimama tangu 1900. Wao watakuunganisha na Idara ya Mambo ya Kale. Mtafiti yeyote, awe Mtanzania au mgeni, naye hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kupata kibali cha utafiti. Hilo ndilo jibu la sehemu ya pili ya swali la yule binti: ruhusa ya kuchimba hutolewa na nchi. Ruhusa ya kutoa jina haitolewi na mtu, ila ina masharti, na masharti ndiyo mwongozo huu wote uliobaki.

Hatua ya 3: Hakikisha ni jamaa wa mamba kweli

Mfupa ukishachimbuliwa, hupelekwa kwenye meza ya fundi wa kuusafisha. Kazi hii huenda kwa sindano na brashi, chini ya hadubini, na kwa mnyama mdogo inaweza kula miezi. Ndipo mtu anaanza kuuliza: huyu ni nani?

Mambo matatu ndiyo huwa nawaonyesha wanafunzi. La kwanza ni magamba ya mfupa yaliyokuwa chini ya ngozi ya mgongoni. Ukiliona moja kwa karibu, uso wake una vishimo vishimo vilivyobanana kama kokwa la fyulisi lililonyonywa likaisha nyama. La pili ni meno, kila moja limekaa ndani ya tundu lake kwenye taya. Lakini dinosaria wengi nao meno yao yamekaa hivyo, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi. La tatu ndilo ninalolipenda: kifundo cha mkono. Kwa wanyama wengi, mifupa ya pale ni kama kokoto zilizopangwa. Kwa mamba na jamaa zake wa kale, miwili kati ya hiyo imerefuka ikawa kama vipini vidogo, vimenenepa ncha mbili na kubana katikati. Mkono ukawa na kiungo kirefu zaidi, wa kufaa kukimbia, na mamba wa leo bado wanacho kifundo hicho ingawa hawakimbii tena kama wazee wao.

Ukiyakosa mambo haya, utapotea. Mwaka 1884 Othniel Charles Marsh alipata kipande cha mbele cha taya ya chini kutoka Wyoming, ncha yake haina meno. Akampa mnyama huyo jina *Macelognathus vagans*, akadhani ana undugu na kobe. Baadaye wengine wakamwona dinosaria. Hakuna aliyekuwa mzembe. Taya moja lisilo na meno mbele lingemdanganya yeyote. Ni mwaka 2005, baada ya mifupa zaidi kutoka Fruita, Colorado, kuchunguzwa, ndipo ikathibitika kwamba ni jamaa mdogo wa mamba, mwenye miguu mirefu. Vagans kwa Kilatini ni mwenye kutangatanga. Miaka 121 jina lile lilitangatanga kutoka ukoo hadi ukoo, na halikubadilika hata herufi moja. Hilo ni jambo la kushika: kukosea ukoo hakufuti jina.

Hatua ya 4: Sema anatofautianaje na wengine

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinataka jina jipya liambatane na maelezo ya maneno yanayomtenga mnyama huyu na jamaa zake. Picha peke yake haitoshi, hata iwe nzuri namna gani.

Nilitafuta namna ya kuwafanya wanafunzi waone ugumu wa sharti hili. Nikaenda soko la Mbuyuni, nikanunua makongoro ya mbuzi, nikamwomba mwenye bucha aache kifundo kizima bila kukipasua. Nyumbani tukachemsha mpaka nyama ikaachia (supu tuliinywa, hakuna kilichopotea), mifupa nikaisugua kwa mswaki, nikaianika juu ya bati siku mbili. Darasani nikaimwaga mezani, vipande kumi na saba. Kila mwanafunzi achague mmoja kimya kimya, auandike bila kuuchora, kisha karatasi apewe mwenzake autafute.

Karatasi ya kwanza ilisema: "Ni mdogo, mweupe, mgumu." Mwenzake akaokota saba. Karatasi ya pili iliandikwa na kijana asiyezungumza sana: "Upande mmoja una matuta mawili yaliyo sambamba kama ya puli ya kisima, katikati kuna bonde la kuingia kidole kidogo, upande wa chini nao una matuta mawili lakini mafupi zaidi." Mfupa wa kifundo ukaokotwa mara moja. Fanyeni zoezi hili shuleni kwenu. Halina gharama kubwa, na baada yake hakuna mwanafunzi atakayedhani tena kwamba kuelezea ni kusifu.

Mtaalamu hufanya vivyo hivyo, ila meza yake ni dunia. Husafiri makumbusho hadi makumbusho kuwatazama jamaa wote wa karibu wa mnyama wake, hupima, huhesabu meno, huandika sifa mia kadhaa kwenye jedwali na kuacha programu ya kompyuta ipange nani ndugu wa nani. Kama hawezi kutaja hata sifa moja ambayo ni ya mnyama huyu peke yake, basi hana spishi mpya, na mwungwana huishia hapo.

Hatua ya 5: Chagua mfupa utakaobeba jina

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, na ni hatua ambayo vitabu vya shule huiruka.

Jina la kisayansi halishikilii wazo la mnyama. Linashikilia kitu: mfupa mmoja, au mifupa ya mnyama mmoja, uliochaguliwa na kutajwa waziwazi. Unaitwa holotaipu. Ukiwa na mifupa ya mamba wadogo ishirini wa aina moja, unachagua mmoja tu kuwa holotaipu, na kwa kawaida ni ule ulio kamili kuliko yote na wenye sifa ulizozitaja. Tangu mwaka 2000 jina jipya la spishi haliwi halali bila holotaipu (au, mara chache, kundi la mifano inayobeba jina kwa pamoja) kutajwa, na mwandishi lazima aseme imehifadhiwa katika makumbusho gani. Kila holotaipu hupewa namba ya makumbusho, na namba hiyo huandikwa kwa wino kwenye mfupa wenyewe, sehemu isiyoharibu kitu.

Kwa nini ugumu wote huu? Kwa sababu watu hubishana. Miaka hamsini ikipita, mtu akasema wale ishirini walikuwa spishi mbili, swali litakuwa: lile jina la zamani linabaki na nani? Jibu halitafutwi kwa kura wala kwa heshima ya mtu. Linabaki na kundi lenye holotaipu. Basi.

Na hapa niseme ninaloliamini. Holotaipu za wanyama wengi wa kale wa Tanzania ziko Berlin na London. Mwanafunzi wa Lindi anayetaka kuugusa mfupa unaobeba jina la mnyama wa kwao lazima apate viza. Ukiwa mwongoza watalii na mgeni akakuuliza, mwambie hivyo hivyo, kwa adabu na bila kuficha. Mtafiti wa leo anayechimba hapa anapoandika "imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam" anafanya jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Hakikisha jina halina mwenyewe

Mwaka 1933 Barnum Brown alimtangaza mamba mdogo wa Arizona, yule wa picha yangu ubaoni, kwa jina *Archaeosuchus*. Jina zuri: mamba wa kale. Kumbe Robert Broom alikuwa ameshalitumia mwaka 1905 kwa mnyama mwingine wa kale wa Afrika Kusini. Brown akalazimika kurudi, na mwaka 1934 akatoa jina *Protosuchus*. Ndilo lililobaki.

Tendaguru ina visa viwili vya namna hii. Eberhard Fraas mwaka 1908 aliwaita majitu mawili ya pale *Gigantosaurus*, bila kujua kwamba Harry Seeley alikwisha kulitumia jina hilo mwaka 1869. Ndiyo maana mmoja wao sasa ni *Tornieria* na mwingine *Janenschia*. Kisa cha pili kinaonyesha kanuni upande wake wa pili. Edwin Hennig mwaka 1915 alimwita mnyama mwenye miiba *Kentrosaurus*. Kulikuwa tayari na *Centrosaurus* wa Kanada tangu 1904, na majina yale ukiyatamka yanakaribiana mno, hivyo mwaka uliofuata Hennig mwenyewe akatoa jina mbadala, na mtaalamu mwingine akatoa lake. Yote mawili hayakuhitajika. Kwa jenasi, tofauti ya herufi moja inatosha, na *Kentrosaurus* akabaki kuwa *Kentrosaurus*.

Usisahau wadudu. Dinosaria wa Zimbabwe aliyeitwa *Syntarsus* mwaka 1969 alinyang'anywa jina hilo baada ya wataalamu wa wadudu kuonyesha kwamba kuna mbawakawa aliyelipata mwaka 1869. Mimea ina kanuni zake peke yake, kwa hiyo jina la mmea halikuzuii.

Leo kazi ya kutafuta ni rahisi. Ingia ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kisha Paleobiology Database, hifadhidata ya viumbe wa kale, kisha tafuta kawaida mtandaoni kwa kila namna ya kuliandika. Dakika ishirini zinatosha kukuepusha na aibu ya miaka.

Hatua ya 7: Litunge

Jina lina maneno mawili. La kwanza, jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili, spishi, huanza kwa ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au mji. Yote huandikwa kwa herufi za mlazo. Herufi ni zile 26 za Kilatini, bila alama juu wala chini. Jina la spishi linaweza kurudiwa kwa mnyama wa jenasi nyingine. La jenasi haliwezi.

Ukimheshimu mwanamume unaongeza -i mwishoni, mwanamke -ae, watu wengi -orum, wanawake watupu -arum. Mahali huchukua -ensis. Kujipa mwenyewe jina hakukatazwi na kanuni, lakini hakuna anayejiheshimu anayefanya hivyo.

Neno si lazima liwe la Kilatini wala la Kigiriki, na katika hili Kiswahili kimesimama imara kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2010 mamba mdogo wa bonde la Rukwa, mwenye ukubwa wa paka na meno yaliyogawana kazi kama ya mamalia, aliitwa *Pakasuchus kapilimai*. Paka ni paka wetu huyu huyu. Kapilimai ni heshima kwa Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyu si wa Jurasiki, ni wa Kretasia, miaka milioni 105 hivi iliyopita, lakini kwa somo la majina sijaona mfano bora. Mwaka 2014 akaja *Rukwasuchus yajabalijekundu*. Lisome polepole: ya jabali jekundu. Dinosaria *Shingopana songwensis* ni wa 2017, na 2019 akatangazwa *Mnyamawamtuka moyowamkia*, kwa sababu alitoka bonde la Mtuka na pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Kutoka matabaka ya zamani zaidi, ya Triasiki, kule bonde la Ruhuhu kusini mwa nchi, tunaye *Asilisaurus kongwe* wa 2010 na *Mambawakale ruhuhu* wa 2022.

Nilipoyaandika majina haya ubaoni, nilisubiri. Ilichukua kama nusu dakika kabla ya mtu wa nyuma kusoma kwa sauti, "Mamba... wa... kale," na darasa zima kulipuka. Walikuwa wameshazoea kwamba jina la kisayansi ni la kukariri. Hawakuwahi kulisoma moja wakalielewa.

Jina pia hubeba kumbukumbu, na mtunzi anachagua ya nani. Kuna dinosaria wa Tendaguru mwenye jina la spishi lettowvorbecki, kwa heshima ya jenerali wa Kijerumani aliyepigana vita katika ardhi hii. Waliochimba kwa majembe na kubeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa wenyeji, na kwa miaka karibu mia hakuna aliyewataja katika majina. Mwaka 2007 ndipo alipotokea *Australodocus bohetii*, kwa ajili ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa kazi Tendaguru. Mwaka 2019 akafuata *Wamweracaudia keranjei*, kwa ajili ya Wamwera na Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji. Jina likishatolewa kihalali halifutwi kwa sababu limechukiza, kwa hiyo njia iliyobaki ni kutunga mengine kwa busara.

Hatua ya 8: Lichapishe, la sivyo halipo

Unaweza kuwa na mfupa, maelezo na jina zuri, na bado mnyama wako asiwe na jina. Linazaliwa siku linapochapishwa kwa njia inayokubalika, katika jarida, likiwa limetajwa waziwazi kuwa ni jipya. Tangu 2012 majarida ya mtandaoni yanakubalika, kwa sharti kwamba kazi imesajiliwa ZooBank kabla, na usajili huo uonekane ndani ya makala yenyewe. Gazeti la shule, mtandao wa kijamii, hotuba, hakuna kinachohesabika.

Tasnifu ya chuo nayo kwa kawaida haihesabiki, na kisa chake kinauma. Alan Charig aliandika tasnifu yake mwaka 1956 kuhusu wanyama wa Triasiki kutoka Ruhuhu, akamwita mmoja wao *Mandasuchus tanyauchen*. Wataalamu wakalitumia jina hilo midomoni kwa miongo. Lakini hakuwahi kulichapisha, na alifariki mwaka 1997. Lilikuja kuwa jina halali mwaka 2018, wenzake walipomalizia kazi na kumweka Charig miongoni mwa waandishi. *Fruitachampsa* naye aliitwa kwa jina la utani tu tangu mifupa yake ilipopatikana miaka ya 1970, mpaka 2011.

Kwa hiyo majina mnayotunga darasani yafurahieni darasani. Ukiwa na mnyama mpya wa kweli, usilitamke jina mtandaoni kabla ya siku yake.

Hatua ya 9: Jifunze kulisoma jina likiwa kwenye lebo

Hii ni kwa waongoza watalii hasa. Baada ya jina huandikwa mtunzi na mwaka. Mamba wa Nyumba ya Mungu ni *Crocodylus niloticus* Laurenti, 1768. Lile jitu la Tendaguru lililosimama Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, ni *Giraffatitan brancai* (Janensch, 1914). Tazama mabano. Mtunzi akiwa ndani ya mabano maana yake jenasi imebadilishwa tangu alipolitoa jina. Janensch alimweka katika *Brachiosaurus*. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa fuvu aliloliona Mary Leakey Oldupai mwaka 1959. Louis Leakey aliliita *Zinjanthropus boisei*, leo wengi huandika *Paranthropus boisei*, na watu wetu bado wanamwita Zinj. Jenasi ilihama, boisei ikabaki.

Na Oldupai hiyo hiyo, mkoani Arusha, ina mamba wake wa kale. Alama za meno yake zilikuwa zimeonekana kwenye mifupa ya watu wa kale, miaka milioni 1.8 hivi iliyopita, na mwaka 2010 akapewa jina lenye maana ya mla watu. Mwezi uliopita nilimpa yule binti, ambaye sasa yuko kidato cha nne, kadi na kalamu ya mkolezo aandike lebo yake kwa ajili ya maonyesho ya shule, jina na watunzi wote kama kanuni inavyotaka. Akaandika taratibu: *Crocodylus anthropophagus* Brochu, Njau, Blumenschine na Densmore, 2010. Hakukuwa na mabano. Kisha akarudi kwenye jina la pili, ambalo Moshi hakuna mtu wa kuelezwa latoka wapi, akaniuliza, "Huyu ni Njau wa huku?" Nikamwambia ni Jackson Njau, Mtanzania, na jina lake halitatoka hapo.